Masha, Oa

Kakuyuni, Malindi
4 Machi 2024

Shemeji Shabbir,

Salamu zangu ni fupi kwa sababu nina hasira, na hasira ukiitangulizia salamu ndefu huwa unafiki. Mwili wangu ni mzima. Mengine utayasoma humu.

Rafiki yako Masha tulimzika Januari. Habari ilikufikia, maana aliyekutumia ujumbe ni mimi mwenyewe, na niliona kwamba umesomwa. Watu walitoka Garashi, walitoka Dabaso, hata yule mzee muuza betri wa sokoni Malindi alikuja na mkongojo wake. Mimi nilikaa mkekani na kanga yangu kichwani, kila gari likisimama barabarani najiambia huyo ni Shabbir. Hukuja. Nilipokupigia simu hukushika. Mtu mliyekua naye kwenye baraza moja, wewe ukila sima ya mamake na yeye akila chapati za mamako, hukuja hata kumtupia konzi ya mchanga.

Ujumbe wa simu sikuandikii tena. Mambo ya kifo hayaandikwi kwa kidole gumba. Barua hii naipeleka ofisi ya mabasi ikufikie dukani kwako Mombasa.

Ninachotaka ni hiki. Mwaka jana Masha alilileta nyumbani lile sanduku la gemu la kutia shilingi, lililokuwa mbele ya duka la baba yako Malindi, enzi zenu za utoto. Mkokoteni ulilibwaga sebuleni kwangu, kubwa kama kabati la bibi harusi, miguu imeliwa na mchwa, kioo kimefanya ukungu. Nikamuuliza la nini. Akasema, kazi ya mtu. Tangu hapo kila jioni akitoka kibandani kwake, kutengeneza redio za watu, anakuja kukaa na sanduku. Mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na bisibisi upande ule. Nililiita mke mwenza. Mwanzoni tulicheka wote wawili, baadaye alicheka yeye peke yake.

Siku aliyokufa aliingia akakaa kwenye kigoda mbele ya sanduku lake, avue viatu. Alivua kimoja. Hospitali walisema ni presha.

Sasa Kenga, mdogo wake, anasema sanduku ndilo lililommaliza kakake, na kwamba atalikata alifanye banda la kuku. Nusu yangu inamuunga mkono. Nusu nyingine inataka kujua mume wangu alimfanyia nani kazi miezi yake ya mwisho, miezi ambayo ilikuwa yangu. Kila nilipomuuliza alisema, muulize Shabbir. Basi nakuuliza.

Mapenzi, mke wa Masha


Mombasa
13 Machi 2024

Shemeji yangu Bi Mapenzi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Yote uliyosema ni haki yako. Asiyekuja kuzika hana mdomo wa kujitetea. Mungu amrehemu Masha. Nimemlilia, ijapokuwa hukuniona.

Nakuomba usimpe Kenga sanduku lile. Kuku watapata pengine pa kulala.

Sijui kama Masha aliwahi kukueleza kwamba sanduku lile husema. Ndani ya gemu mna kindege cha vita, na kazi yako ni kukivusha katikati ya milima. Kikianguka, sauti hutoka kwenye spika, nzito, ya puani, sauti ya kitu kisichopumua. Hutamka Kiingereza: “Mission over.” Yaani kazi imekwisha. Lakini sisi tulikuwa watoto wa Malindi, Kiingereza chetu kilikuwa cha kuhesabu mpaka kumi. Tulichosikia sisi ni “Masha, oa.” Siku ya kwanza Masha alitazama nyuma yake kuona ni nani aliyemwita. Akatia shilingi nyingine, akashindwa tena, akaambiwa tena aoe. Na miaka yake haikufika hata kumi na mitatu.

Soko zima likajua. Wanawake wakipita na vikapu vyao wanamuuliza ameshapata mchumba. Mteja akiingia dukani anataka kwanza aonyeshwe huyo Masha. Baba yangu, ambaye alitaka wateja wazungumze habari za baiskeli tu, alichoka. Akafungua mgongo wa sanduku, akachomoa bodi ya sauti, akaifungia kwenye kopo la biskuti. Tangu siku hiyo nikawa mimi ndiye sauti. Masha akicheza, mimi nasimama ubavuni, nimeziba pua, na kindege kikianguka namwambia, “Masha, oa.” Niliiga vizuri mpaka mama alikuwa akinikanya nisiseme hivyo usiku.

Kopo hilo ndilo hili lililofuatana na barua. Masha aliniomba nimpelekee, nikachelewa. Mlete mtu anayejua kulehemu. Mwambie asiguse nyuma ya kioo hata kama umeme umezimwa, pana moto wa umeme unaobaki humo.

Uliniuliza kazi ilikuwa ya nani. Nitakujibu, lakini si leo. Niwie radhi.

Ndugu yako,
Shabbir


Kakuyuni
25 Machi 2024

Shemeji,

Umenifanya nicheke nikiwa na nguo za msiba, na jirani amenisikia. Sasa nitaambiwa nimepoa mapema.

Ngoja nikuambie na mimi. Masha alipokuja kwetu kuniposa, baba yangu alimuuliza mbona ana haraka, na hata nyumba yake haijapigwa bati. Masha akajibu mbele ya wazee wote, bila kupepesa jicho, “Mashine iliniambia nioe. Nimeivumilia miaka mingi, mzee.” Baba alicheka mpaka pombe ya mnazi ikamtoka puani, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichonipeleka kwa Masha, maana mahari yenyewe ilikuwa maneno matupu. Miaka yote hii nilijua ni uongo wa kijana anayetaka mke. Kumbe alisema kweli, na mimi nimeijua kweli yake yeye hayupo.

Sanduku sijalikata. Nimemwita Fridah, yule dada aliyejifunza ufundi kwa Masha na ambaye sasa ndiye mwenye kibanda pale sokoni. Huja Jumapili baada ya kanisa. Yeye yuko ndani na nyaya, mimi niko nje na msasa. Nimegundua kwamba mbao ni kama nguo ya mtumba: ukiifumua unajua imepitia mikono mingapi. Juu palikuwa na rangi nyekundu, chini yake buluu, chini ya buluu pameandikwa kwa misumari majina ya watoto wa soko zima. Lako limo. La Masha limo mara tano, mtu asiyekuwa na haya. Pale nimepita na kitambaa tu, msasa nimeuweka kando.

Kuna jambo moja nalitaka kutoka kwako, na ukinipa nitakusamehe nusu. Fridah anasema bodi ya sauti ina kutu na huenda isiamke. Basi niigie wewe. Pasaka nikitoka ibadani nitakupigia simu. Shika, uniambie kama ulivyokuwa ukimwambia. Mara moja tu. Nataka kusikia alichosikia.

Nusu ya pili ya msamaha ni ile siku ya mazishi. Hiyo utanieleza kwa mdomo wako.

Mapenzi


Kakuyuni
2 Aprili 2024

Kwa Bwana Shabbir,

Narudisha kopo lako la biskuti. Na kilichomo ndani yake.

Juzi Pasaka nilikupigia kama nilivyosema, na kwa mara ya kwanza simu yako ilishikwa. Nikasema, Shabbir? Ukanijibu kwa ile sauti. Moyo wangu ulijaa. Nilikaa chini pale pale nje ya kanisa, na kitenge changu cheupe, juu ya jiwe. Ilikuwa vile vile ulivyoandika, sauti ya kitu kisichopumua. Nikacheka, nikalia, nikakushukuru. Kisha nikakwambia, sasa yatosha, sema kama mtu, niambie kwa nini hukuja kumzika.

Ukaendelea. “Shemeji, samahani,” kwa sauti ile ile. Nikakuomba uache. Ukasema, “Ni mimi, ni mimi,” kwa sauti ile ile. Nikakuambia mara ya tatu kwamba mimi ni mjane, nimekuuliza habari za kaburi la mume wangu, si wakati wa mzaha. Nawe ukazidi kunisemesha kama mtoto aliyeziba pua. Niliyokutamkia baada ya hapo sitayarudia, maana nilikuwa mlangoni mwa kanisa, lakini siyajutii.

Nilimpenda Masha kwa utani wake, lakini Masha alijua pa kuukomesha. Kumbe yeye alikuwa na rafiki asiyejua.

Kenga atakuja na msumeno mwisho wa mwezi. Nimemruhusu.

Mapenzi


Mombasa
13 Aprili 2024

Shemeji yangu,

Sikuwa nikikuigia. Hiyo ndiyo sauti yangu. Sina nyingine.

Mwaka jana madaktari walinipasua koo wakaondoa kisanduku cha sauti, kwa sababu uvimbe ulikuwa umekikalia. Napumua kwa tundu lililo chini ya koo, nalifunika kwa kitambaa cha pamba. Kusema nasema kwa kifaa kidogo mfano wa tochi, nakibana shingoni, nakibonyeza, kinatetemeka, midomo yangu inafanya yaliyobaki. Sauti yake ni moja. Haipandi nikiwa na furaha, haishuki nikiwa na huzuni. Jumapili ile nilipokuwa nikikuambia “ni mimi” nilikuwa nalia, Bi Mapenzi, lakini kile kifaa hakijui kulia.

Dukani nimemweka kijana wa kujibu wateja, mimi niko nyuma, naandika kwenye vipande vya karatasi. Nje ya nyumba yangu niliyemwambia ni Masha peke yake, na nilimwapisha asimwambie mtu, hata wewe. Hasa wewe, maana nilitaka pabaki nyumba moja ambamo wananikumbuka nilivyokuwa nikiongea. Alikuja Mombasa kuniona. Nilibonyeza kifaa changu nikamsalimu. Akatumbua macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajishika ukuta, na mke wangu akaghadhibika akataka kumtoa nje. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza kucheka, wengine wote walikuwa wakinitazama kama maiti. Halafu kicheko kikageuka kilio, akanikumbatia, akasema, “Ndugu yangu, umekuwa lile sanduku.”

Siku ile ile akaanza kuuliza sanduku liko wapi. Alilipata kwa mtu aliyenunua duka letu, limewekewa magunia ya mkaa juu. Akaniandikia: “Nitalifufua. Ukija Kakuyuni mtazungumza wawili, na atakayekucheka wewe itabidi alicheke na sanduku.” Kwa hivyo kazi ile ilikuwa ya mtu, na mtu huyo ni mimi. Jioni zako alizozitumia, alizitumia kwangu. Mke mwenza wako nilikuwa mimi, na sikujua kwamba nakunyang'anya siku zake za mwisho. Laiti ningalijua ningalimwambia aache, akae na wewe.

Siku ya mazishi nilivaa kanzu, nikaingia kwenye gari. Nilifika Kilifi. Pale darajani nikawaza, wataniomba niseme. Mimi ndiye rafiki yake wa zamani kuliko wote, hapana atakayekubali ninyamaze, watanisogeza mbele ya kaburi waseme, huyu ndiye Shabbir, atuambie habari za Masha. Nikajiona nimetoa kifaa changu, na watoto wa Kakuyuni wanacheka kaburini. Nikamwambia dereva ageuze. Nilikuwa na hofu ya kuchekwa siku ambayo rafiki yangu mpenzi anafukiwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sikuandikii ili unionee huruma.

Kopo nalirudisha tena. Fanya utakalo. Ukilikata sanduku sitakulaumu, ila nakusihi ubao wenye majina umwambie Kenga asiupige msumeno.

Shabbir


Kakuyuni
12 Mei 2024

Shabbir ndugu yangu,

Barua yako ilinifikia mvua zimeanza, na barabara ya kwetu ikawa mto, ndiyo maana nimekawia. Sababu nyingine ni kwamba kila nilipoanza kuandika nilikumbuka maneno niliyokutamkia mlangoni mwa kanisa, nikaiweka kalamu. Nilisema siyajutii. Nayajuta. Nilimtukana mtu kwa sauti aliyoachiwa na ugonjwa. Nisamehe, nami nimekusamehe nusu zote mbili.

Nilikaa na barua hiyo mbele ya sanduku, kwenye kigoda chake. Nilimkasirikia Masha, usidhani sikumkasirikia. Angeninong'oneza neno moja tu, ningeacha kushona nikamshikia taa. Lakini ulimwapisha, na Masha akiapa huwa ameapa. Nimelia kwa zile jioni. Bado nazitaka. Hakuna wa kunirudishia, na kujua zilikwenda kwako kumepunguza uchungu kidogo tu, si wote, sitakudanganya.

Kenga alikuja na msumeno wake, kama alivyoahidi. Nikamsomea barua yako. Hukunipa ruhusa, lakini nimeichukua bila kuomba, kama ulivyonichukulia mume. Alisikiliza, akatoka nje akarudi na ubao wa mwembe, akalikatia sanduku miguu mipya. Kuku wake wanaendelea kulala juu ya mti.

Fridah ameisugua bodi ya sauti kwa mswaki na spiriti, akalehemu pale palipokatika. Mimi nimepaka rangi, buluu ile ya chini, na upande wa majina nimeuacha ulivyo. Kioo nimekishonea pazia la kukinga vumbi, kwa kitambaa cha shati lake la kazi. Jumapili iliyopita umeme ulirudi, Fridah akanitazama, akawasha. Kwanza picha ilikimbia, ikashuka, ikashuka, kisha ikatulia. Milima ikatokea, na kile kindege chenu.

Mimi sijawahi kucheza gemu maishani. Nilikishika kile kijiti, na kabla sijajua mkono wa kulia una kazi gani, kindege kimegonga mlima. Spika ikakwaruza, na lile sanduku likasema.

Nikamuuliza Fridah amesikia nini. Akasema, “Kiingereza, mama. Linasema kazi imekwisha.”

Mimi sikusikia Kiingereza. Nilisikia, “Masha, oa.” Wazi kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili. Nikacheza tena, nikashindwa makusudi. Likamwambia tena aoe. Nikashindwa tena, na tena, Fridah akadhani sijui kucheza. Mwisho nililiinamia pale kwenye spika, nikalijibu, maana ni adabu anayeita kujibiwa, na aliyeitwa hayupo. Nikaliambia, “Alioa.”

Halafu nilizima, nikaenda kulala, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nilikililia kifo chake bila ya kukikasirikia kitu kingine.

Sasa nisikilize. Kaburi liko nyuma ya nyumba, ukivuka mihogo. Mchanga wa Kakuyuni haujaisha, konzi yako ipo. Mlete mkeo, nitawapikia wali wa nazi, na wako nitauponda ulainike. Utapelekwa mbele ya kaburi na utaombwa useme, uliyoogopa ni kweli, watu wa huku hawakubali rafiki wa marehemu anyamaze. Na wewe utatoa kifaa chako, utakibana shingoni, utamwambia Masha yote uliyogeuka nayo darajani. Watoto wakicheka waache. Nitawapeleka sebuleni wakalicheke na sanduku, kama mwenyewe alivyopanga.

Usiiogopee sauti hiyo kule nyuma ya mihogo. Masha ameisikia tangu utotoni, na neno la kwanza ililomwambia alilitii.

Nakungoja.

Mapenzi,
aliyeolewa kwa amri ya mashine